Orodha ya Kabla ya Msimu: Nani Alikuona Ukicheza?

Wiki moja kabla ya ligi yetu ya eFootball kuanza, huwa tunatoa orodha. Timu 16, kuanzia ya 1 mpaka ya 16, na hakuna hata mechi moja iliyochezwa. Tukishaituma kwenye grupu la WhatsApp, usiku huo simu zetu hazilali. Aliyewekwa wa kwanza anatuma vicheko. Aliyewekwa wa 9 anauliza kwa nini si wa 6. Aliyewekwa wa mwisho hasemi kitu mpaka asubuhi, halafu anakuja mwenyewe kwa miguu.

Watu wengi wametuuliza: jamani, mnajichosha kwa nini? Si muache watu wacheze tu, msimamo ujipange wenyewe? Ni swali zuri. Tumeona tulijibu hapa kwa urefu, maana tukilijibu tunajikuta tunaongea kuhusu orodha za kila aina, si za mpira wa kwenye simu peke yake. Na sisi wakimbizi, orodha tunazijua.

Kwanza kwa wale wasioijua ligi yetu. Tuko Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Hapa kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, na vijana tukikutana Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, kila mtu na cha kwao. Mchezo tunaocheza unatengenezwa na kampuni ya Konami ya Japani. Wakubwa wetu waliujua kwa jina la PES. Mwaka 2021 jina likabadilishwa ikawa eFootball, na ukawa wa kupakua bure. Hilo neno "bure" ndilo lililotufikishia mchezo huku. Unahitaji simu ya kupapasa, bando, na chaji. Vitu vitatu tu, lakini si unajua kwetu kila kimoja kina hadithi yake.

Kwenye ligi yetu "timu" maana yake ni mtu mmoja na simu yake. Kuna timu mbili ambazo ni ndugu wawili wanaogawana simu moja, na wanahesabiwa kama timu moja. Kila mmoja anakutana na kila mwenzake mara moja, hivo kila timu inacheza mechi 15, na ligi nzima ni mechi 120. Tunacheza Jumamosi na Jumapili karibu na soko, kwa papa mmoja mwenye paneli za sola anayechajia watu simu. Hatuchezei pesa. Mtu akileta habari ya kubeti juu ya orodha yetu, tunamtoa kwenye grupu siku hiyo hiyo. Zawadi ya bingwa ni bando ya mwezi, tunachangishana wote.

Sasa orodha inavyotengenezwa. Tuko watatu, wote wa kujitolea. Kila mmoja anaandika orodha yake peke yake, bila kuchungulia ya mwenzake. Halafu tunakaa, tunaziweka tatu pamoja, tunatafuta wastani. Timu ambayo mmoja kaiweka ya 3 na mwingine kaiweka ya 10, hiyo haipiti hivi hivi. Lazima tuongee mpaka tujue kila mmoja aliona nini. Mara nyingi hapo ndipo tunapojifunza, kwa sababu mmoja alimwona mtu akicheza siku ambayo wengine hawakuwepo.

Tunaangalia vitu vinne.

Cha kwanza ni msimu uliopita. Hicho tunakipa uzito mkubwa, lakini si wote. Mnaofuatilia ligi ya Uingereza mnakumbuka msimu wa 2015/16. Chelsea ilianza msimu ikiwa bingwa mtetezi, ikamaliza ya 10. Leicester City ilikuwa imemaliza ya 14 msimu wa kabla. Kampuni za kubeti Uingereza ziliipa nafasi ya 5,000 kwa 1. Ikachukua ubingwa kwa pointi 81, na kina Vardy, Mahrez na Kanté, kocha akiwa Claudio Ranieri. Msimu mmoja, timu mbili, na jana yao haikusema kesho yao.

Cha pili ni nguvu ya kikosi. Mchezo wenyewe unakupa namba: unajumlisha wachezaji ulio nao unakwambia timu yako ina nguvu kiasi gani. Wengi wanaipenda hiyo namba kwa sababu inaonekana kama haina upendeleo. Lakini namba inahesabu kadi, haihesabu mkono. Kuna kinyozi mmoja hapa sokoni ana nyota watupu, ukifungua kikosi chake unaogopa. Akianza kucheza ni mipira mirefu tu, kipa anapiga, mshambuliaji anakimbia, basi. Kuna mwanafunzi wa sekondari kikosi chake ni cha kawaida kabisa, lakini anakaa na mpira mpaka unachoka wewe, unaacha nafasi, anakufunga. Halafu kuna ile mishale. Wanaocheza wanajua: kabla ya mechi kila mchezaji ana mshale, na ukiangalia chini, nyota wako siku hiyo ni mzigo. Namba ya kikosi uliyoiona Ijumaa haijui mshale wa Jumamosi.

Cha tatu ni mechi za kirafiki. Wiki mbili kabla ya msimu tunaangalia watu wakicheza na tunaandika. Hatuandiki matokeo tu. Tunaandika akifungwa anafanya nini: anabadilisha mfumo, au anakasirika anaanza kucheza rafu? Akiongoza bao 1 dakika za mwisho anatulia, au anatetemeka?

Hicho kigezo ndicho kilicholeta swali gumu kuliko yote. Msimu wa kwanza dada mmoja wa upande wa Juru alipangwa wa 14. Alikuja akasimama mbele yetu akatuuliza: "Munaniweka chini juu ya nini? Nani alinionaka nikicheza?" Mechi za kirafiki zilikuwa jioni. Jioni yeye yuko kwenye maji, yuko jikoni, na baada ya giza wazazi wake hawamruhusu kutembea mpaka sokoni. Hakuna kati yetu aliyekuwa amemwona hata mara moja. Tukaongeza mechi za kirafiki za Jumamosi saa sita mchana, na tangu hapo wasichana kwenye ligi wametoka wawili wakawa watano. Swali lake tumelifanya la kudumu. Kila jina kwenye orodha, lazima mmoja wetu awe na jibu: nani alimwona akicheza, na lini?

Cha nne ni simu na mtandao. Hapa tulibishana jioni tatu mfululizo.

Upande mmoja ulisema simu isihesabiwe, tunapima mchezaji, hatupimi mali ya mtu. Mwenye simu ya kioo kilichopasuka, inayochemka baada ya dakika tano na picha inaganda, ukimshusha kwa sababu hiyo unamwadhibu kwa umaskini. Upande wa pili ulisema orodha kazi yake ni kukisia nani atamaliza wapi. Simu ikiganda mbele ya goli, bao haliingii, na msimamo haujali kwa nini halikuingia. Ukiacha kuhesabu simu, orodha yako ni ya huruma, si ya ukweli.

Pande zote mbili zilikuwa na haki. Tulichofanya ni kugawa orodha safu mbili. Safu ya kwanza inasema nguvu ya mchezaji. Safu ya pili inasema nguvu ya vifaa. Nafasi ya mwisho inatokana na zote mbili, lakini kila mtu anaona ni ipi iliyomshusha. Matokeo yake hatukuyategemea. Msimu wa pili kulikuwa na kijana ambaye mkono wake tulimpa wa 4, vifaa tukampa wa 16, na kwa jumla akawa wa 11. Watu walipoona hivo imeandikwa wazi, mwenzake mmoja akasema, "Siku ya mechi yako chukua simu yangu, mimi nacheza saa tisa wewe saa kumi." Alimaliza wa 6. Kama tungeandika "wa 11" peke yake, watu wangesoma kwamba kijana ni wa 11. Hakuna ambaye angejua kwamba kinachokosekana ni simu tu.

Ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma, hapo tunaomba msimame kidogo. Mara ngapi mmeona kijana yuko chini kwenye karatasi, na karatasi haisemi kama ni yeye au ni kioo cha simu yake?

Sasa tuje kwa mgeni.

Kabla ya msimu wa tatu, mwaka 2025, alijiandikisha kijana aliyekuwa amefika miezi michache, kutoka upande wa Rutshuru, akapitia kituo cha Nyakabande kule Kisoro kama wengi waliokuja mwaka ule. Simu aliyokuwa nayo ni ya dada yake. Akaunti yake ya zamani ilipotea pamoja na simu aliyoiacha nyuma, kwa hiyo alianza upya na kikosi cha mtu anayeanza. Msimu uliopita kwetu: hana. Nguvu ya kikosi: ya mwisho. Mechi za kirafiki: alifika zimekwisha. Vifaa: vya kuazima.

Vigezo vyote vinne vilimpeleka sehemu moja, namba 16. Wawili kati yetu walikuwa tayari wameandika hivo kwenye karatasi zao. Wa tatu akaacha kalamu akasema, "Hizi sufuri zote hazisemi kwamba ni mbaya. Zinasema hatumjui. Dhaifu ni kitu kimoja, asiyejulikana ni kitu kingine."

Tulikaa na hilo neno. Na ni kweli, mtu wa 16 ambaye tumemwona akifungwa mara kumi ni wa 16 kwa sababu tunajua. Mtu wa 16 ambaye hatujamwona ni wa 16 kwa sababu sisi hatujui. Kwenye karatasi wanafanana. Ukiwaweka pamoja, unachukua ujinga wako wewe mpangaji unaubandika juu ya mtu.

Wenye hesabu walishakutana na tatizo hili zamani. Kwenye sataranji kuna mfumo wa Arpad Elo, mwanafizikia aliyezaliwa Hungaria akaishi Marekani. Wazo lake ni rahisi: kila mtu ana pointi. Ukimshinda aliyekuzidi unapata nyingi, ukimshinda aliye chini yako unapata kidogo, na ukifungwa na wa chini unapoteza nyingi. Tangu 2018 hata FIFA inapanga timu za taifa za wanaume kwa hesabu ya aina hiyo. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba haiwaogopi wageni. Mgeni unaweza kumwanzishia katikati, halafu mechi zenyewe zitampandisha au zitamshusha, tena haraka, kwa sababu mwanzoni unaziacha pointi zake zitembee sana. Hujamsifu wala hujamtukana. Umesema tu: ngoja tuone.

Basi tukaamua. Mgeni yeyote asiye na rekodi anaanzia katikati, na mbele ya jina lake panaandikwa: *bado hatujamwona*. Msimu ule wageni walikuwa wawili, wote tukawafanyia hivo hivo.

Wenyeji wengine hawakufurahi. "Mimi nimecheza misimu miwili niko wa 12, huyu wa jana ananipita vipi?" Tukawajibu kwamba hajakupita, ameandikiwa kwamba hatumjui, wewe umeandikiwa kwamba tunakujua. Ukitaka kumpita, mechi yenu ni raundi ya pili. Papa wa sola alikuwa anasikiliza akichomeka waya zake, akasema tu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akacheka mwenyewe. Wakanyamaza. Yeye ndiye mwenye chaji.

Kijana mwenyewe aliandika kwenye grupu mstari mmoja: "Bayaya, muliandika hamunijui. Ni kweli. Mutanijua tu."

Alimaliza wa 5. Mgeni wa pili alimaliza wa 15. Tunawaambia yote mawili makusudi, ili mtu asidhani tunahubiri kwamba kila mgeni ni nyota aliyefichwa. Hapana. Asiyejulikana anaweza kuwa wa 5, anaweza kuwa wa 15. Ndiyo maana ya kutojulikana.

Wakongo wenzetu wana mfano mkubwa zaidi wa jambo hili. Desemba 2010, Kombe la Dunia la Vilabu kule Abu Dhabi. Sisi tulikuwa watoto, lakini nani hajui habari ya TP Mazembe ya Lubumbashi na kipa wao Kidiaba aliyekuwa anasherehekea kwa kurukaruka na makalio? Angalieni mashindano yalivyopangwa. Bingwa wa Ulaya na bingwa wa Amerika Kusini walikuwa wanaingia moja kwa moja nusu fainali. Bingwa wa Afrika alianza nyuma, robo fainali. Yaani orodha ya kabla ya msimu ilikuwa imejengwa ndani ya ratiba yenyewe. Na mpaka mwaka ule, fainali za kombe hilo zilikuwa zimechezwa na timu za Ulaya na Amerika Kusini tu. Mazembe wakaifunga Pachuca ya Meksiko 1-0, wakaifunga Internacional ya Brazili 2-0, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali. Huko Inter Milan iliwapiga 3-0, na ni sawa, Inter walikuwa wakubwa kwelikweli. Orodha ilipatia kuhusu Inter. Kuhusu Mazembe ilikuwa haijui, na wao hawakusubiri ijue.

Na hapa jirani Kenya, kambi ya Kakuma, alizaliwa Awer Mabil mwaka 1995, wazazi wake wakiwa wamekimbia Sudan. Juni 2022, Australia ikicheza na Peru kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia, mechi ikafika penalti, na Mabil alipiga moja akafunga. Australia ikaenda Qatar. Mtoto anayecheza mpira kambini miaka ile, ungemweka wa ngapi? Jibu la kweli lilikuwa moja: hatujamwona bado.

Turudi kwetu. Ligi ikiisha huwa tunafanya kitu ambacho tunadhani ndicho muhimu kuliko orodha yenyewe. Tunaweka orodha ya kabla ya msimu na msimamo wa mwisho kwenye ukurasa mmoja. Tuliyemkisia wa 3 akamaliza wa 7, tunaandika 4. Tuliyemkisia wa 10 akamaliza wa 10, tunaandika 0. Tunajumlisha, tunagawa kwa 16. Msimu uliopita ilitoka karibu 3. Maana yake, kwa wastani, kila jina lilikuwa mbali na mahali pake kwa nafasi 3.

Hiyo 3 ni nzuri au mbaya? Tulimuuliza mwalimu wa hesabu. Akatuonyesha kwamba ukiandika majina 16 kwenye vikaratasi, ukavitikisa kwenye kofia na kuvipanga bila kuangalia, kwa wastani utakuwa mbali kwa nafasi 5 na kidogo. Kwa hiyo jioni zote zile, karatasi zote, vigezo vinne na mabishano, vimetutoa kwenye 5 vikatuleta kwenye 3. Tunaijua kazi yetu kuliko kofia. Hatuijui kama Mungu. Tunaiweka hiyo namba juu kabisa ya orodha mpya, ili anayesoma ajue asome kwa nguvu gani.

Sasa jambo lililotufanya tuandike haya.

Mfanyakazi mmoja wa shirika, ambaye hatutamtaja wala shirika lake, aliiona orodha yetu. Alikuwa na nafasi tano za mafunzo ya kompyuta. Alitupigia akasema kwa upole kabisa, "Ninyi mna vijana wanaojua simu, na tayari mmewapanga. Nitumieni watano wa kwanza, mnirahisishie."

Tunamwelewa. Ana kazi nyingi, ana tarehe ya mwisho, na mbele yake kuna karatasi yenye namba. Karatasi yenye namba inavutia. Lakini tulimwambia hapana, na tulimpa sababu. Orodha ile ni makisio ya kabla ya mtu kucheza. Watano tuliowaweka juu msimu uliopita, watatu tu ndio waliomaliza kwenye tano bora. Ina maana ukichukua majina hayo, nafasi mbili kati ya tano umezigawa kwa kitu ambacho hakikutokea. Na hayo ni kwenye mpira, kitu ambacho orodha ilikusudiwa kupima. Kompyuta hatukupima kabisa. Halafu safu ya vifaa imo ndani yake, kwa hiyo ungekuwa unawapa mafunzo wale ambao tayari wana simu nzuri.

Alinyamaza kidogo, akauliza tufanyeje. Tukamwambia tangaza wazi, weka siku mbili tofauti, moja mchana, acha mtu yeyote aje ajaribu. Akafanya hivo. Walikuja 31. Kati ya watano waliochukuliwa, wawili wanatoka kwenye ligi, mmoja wao kati ya tuliowaweka nusu ya chini. Watatu wengine hawachezi eFootball kabisa, na mmoja ni dada ambaye hata grupu letu hakuwa analijua.

Tunalieleza hili si kwa kumsema mtu. Alisikiliza, akabadilisha, tunamheshimu. Tunalieleza kwa sababu lilituonyesha jinsi orodha inavyobadilika mikononi. Ikiwa kwenye grupu la vijana, ni ya utani na kuchokozana, mtu anasema "mutaona" anaenda kufanya mazoezi. Hiyo ndiyo kazi yake, kuanzisha mazungumzo na kumpa kila mtu kitu cha kupinga. Siku inapoanza kugawa vitu, nafasi, mafunzo, safari, imekuwa kitu kingine, hata kama hakuna herufi iliyobadilika.

Na huku kwetu hilo si jambo dogo. Tangu 2023 msaada wa chakula kwenye makazi ya wakimbizi Uganda umegawanywa makundi matatu kufuatana na hali ya kaya, na kundi la tatu liliondolewa kwenye msaada. Tunajua pesa za dunia zimepungua, hatuandiki kulaumu. Tunasema tu kwamba hapa mtu akisikia "umewekwa kundi fulani" mwili unashtuka kabla ya akili. Kuna kijana aliacha ligi msimu wa kwanza siku orodha ilipotoka, kabla ya mechi hata moja. Alituambia baadaye, "Orodha za watu wakubwa sina la kufanya. Ya wenzangu naweza kukataa." Alirudi msimu wa pili, alipoona sababu zinaandikwa. Hakuomba tumpandishe. Alitaka kujua tu.

Kwa hiyo vijana wenzetu mlioko Kyaka, Kyangwali, Rwamwanja, Kakuma, Dzaleka, popote mnapocheza, kama mnataka kutoa orodha yenu, toeni, inachangamsha ligi. Sisi tunafuata haya:

Kila nafasi iwe na sababu yake pembeni, mstari mmoja unatosha. Kama hamna sababu, hamna nafasi.

Mkono na simu viandikwe mbali mbali.

Asiyejulikana aandikwe hajulikani. Aanzie katikati, mechi zimpeleke.

Mtu akija kulalamika, msikilizeni kabla ya ligi kuanza, si baada. Tunatoa siku tatu za malalamiko. Msimu uliopita yalikuja saba, mawili yakabadilisha nafasi ya mtu.

Ligi ikiisha, rudisheni orodha mezani, pimeni mlikuwa mbali kiasi gani, na muiandike hiyo namba mahali inapoonekana.

Na mtu akiomba orodha yenu kwa ajili ya kugawa kitu, mpeni tarehe ya kuja kuwaona vijana wenyewe.

Orodha ya msimu wa nne inatoka Ijumaa hii jioni. Wageni safari hii ni wanne. Malalamiko mwisho Jumatatu. Kama umewekwa wa 16, soma sababu yako vizuri, inaweza kuwa ni kioo tu. Halafu Jumamosi inayofuata ufike kwa papa mapema, foleni ya chaji huwa ndefu.